Mvuke Utatokea Wapi?

Mchana nachora madirisha ya Ujerumani. Usiku nalala chini ya dirisha la chuma huku Githurai, bedsita ya mawe, mimi na mdogo wangu wa gredi ya saba.

Kazi nilipata kwa intaneti. Ofisi ndogo ya wasanifu majengo hunitumia ramani za nyumba, nami nawachorea zile sehemu ngumu, yaani vile fremu inakutana na ukuta. Kipimo ni moja kwa tano. Ukuta wa huko si kama wetu. Kuna matofali, halafu upande wa nje blanketi la sufu ya mawe, sentimita 16 au hata 20, halafu ndio plasta. Kioo ni cha matabaka matatu. Na dirisha haliwekwi popote tu. Ukilirudisha ndani sana, joto linatoroka kupitia matofali ya kando ya fremu. Kwa hivyo unalisukuma nje hadi liguse lile blanketi, kisha unaacha blanketi lifunike ukingo wa fremu.

Wanachoogopa si baridi pekee. Wanaogopa maji. Hewa ya chumba yenye nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 50 hutoa jasho ikigusa kitu chenye nyuzi 9 hivi. Kuvu haingoji hata jasho. Ukuta ukishuka hadi nyuzi 12 na nusu, yenyewe inaweza kuanza.

Julai moja nikakosea. Pengo kati ya fremu na ukuta huzibwa kwa tepu pande zote mbili. Ya ndani inazuia mvuke. Ya nje inazuia mvua lakini inaacha mvuke upite. Mimi nikachora ile nzito ndani na nje. Mchoro ukarudi na mstari mwekundu na swali moja: mvuke utatokea wapi?

Nikainua macho. Dirisha letu lilikuwa linatiririka. Fremu yake ni chuma kimoja kutoka nje hadi ndani, kwa hivyo asubuhi za Julai ni kama kulala kando ya friji. Juu yake kuna matundu ya hewa. Wiki mbili kabla, mimi mwenyewe nilikuwa nimeyaziba kwa magazeti na selotepu ndio kijana asipigwe na baridi. Tunalala wawili, tunapikia humo humo kwa gesi, nguo zinakaukia kwa kamba juu ya kitanda.

Nikavuta kitanda. Ukuta nyuma ya mto wake ulikuwa mweusi kama sufuria.

Alikuwa amekohoa wiki nzima. Mimi nilikuwa namgombeza kuhusu soksi.

Nikang'oa magazeti. "Siz, si tutaganda!" akalalamika. Nikamwongezea blanketi langu. Nikaosha ukuta kwa Jik, nikageuza kitanda kikaelekea mlangoni, nguo nikapeleka kwa kamba za juu ya ploti.

Mchoro niliurekebisha usiku huo: tepu mbili tofauti, na mishale midogo ya kuonyesha njia ya mvuke. Wakalipa. Dirisha letu ni lile lile. Mwenye nyumba alisema kama silitaki, kuna wengi wanaongoja hiyo nyumba.

Kikohozi kimepungua, hakijaisha. Kila asubuhi kabla ya shule mdogo wangu hupangusa kioo kwa shati kuukuu, analikamua kwa beseni, anachungulia.

"Leo ni kidogo," ananiambia.