Siku Tatu kwa Somo, Arua

Tanga, Jumatano

Shoga yangu,

Nimerudi salama, na kabla sijafungua sanduku nimekaa nikuandikie kama nilivyokuahidi. Somo anakusalimu mno. Ana sauti yake ileile iliyokuwa ikiamsha bweni zima, na akicheka bado anajifunika mdomo kwa ncha ya kanga. Miaka 14 hatujaonana, lakini aliponipokea stendi ya Arua tulishikana tukalia, abiria wakatupisha.

Kutoka Kampala nilipanda basi la mchana makusudi. Wengi hupenda la usiku, ila mimi nilitaka kuuona mto Nile. Ni kilomita karibu 500, na mto unauvuka mara mbili. Karuma maji yanarukaruka juu ya mawe, na nyani wamekaa kando ya barabara wakingoja watu watupe chochote. Pakwach mto ni uleule, lakini umetulia, mpana, hausikiki. Tulipomaliza daraja la Pakwach, mama niliyekaa naye kiti kimoja akanigusa bega: “Sasa umefika kwetu.” Nikaelewa kwa nini watu wa West Nile wanasema “kwetu” namna ile. Nile ndiyo mpaka kati yao na Uganda iliyobaki.

Asubuhi yake Somo alinipeleka sokoni kwa bodaboda, na huko ndiko nilikotaka uwe nami. Vitenge, shoga! Vimepangwa kuta nzima, kutoka chini hadi darini, vingi vimepita Kongo, maana mpaka wa Vurra hauko mbali. Muuzaji mmoja alikuwa akiongea Kilugbara na mwenzake, Kilingala na mteja, Kiswahili na sisi. Mimi nilijifunza maneno matatu ya Kilugbara: ukiamkiwa “Mi ngoni?” unajibu “Muke,” na shukrani ni “Awa'difo.” Nililitumia hilo la mwisho kutwa nzima. Kitu kingine kilichonishangaza: ukivuka mpaka saa yako inarudi nyuma. Arua ikiwa saa nne asubuhi, Kongo ni saa tatu. Wafanyabiashara wanaolala ng'ambo wanaishi na saa mbili kichwani.

Somo ana chumba cha ushonaji nyuma ya nyumba, vyerehani vinne. Anashona sare za shule. Wasichana wawili wanaojifunza kwake ni Wasudani Kusini, wanatoka kwenye makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp. Niliwaona wanavyomwita “Mama” na anavyowakemea kwa upole, nikamwuliza aliwapataje. Akasema, “Kesho utamwona mama mkwe, utaelewa mwenyewe.”

Basi Jumapili tukaenda Logiri, kijijini kwa shemeji, kusini mwa jiji. Mashamba ya muhogo na ufuta, miembe mikubwa. Mama mkwe alikuwa amekaa kivulini. Nikamwamkia shikamoo, huko hawaitumii, lakini alinishika mikono yote miwili akasema, “Mutoto, ikala. Tutakula kwanza, habari itakuya nyuma.” Kiswahili! Tena cha Kongo. Tukala enyasa, ugali wao wa muhogo uliochanganywa na ulezi, kwa majani ya kunde yaliyoungwa ufuta, na angara, samaki mkavu wa Ziwa Albert. Ladha ya ufuta ule ninayo hadi leo.

Baada ya kula akasimulia. Mwaka 1980, bunduki zilipolia tena huko, alimfunga mwanawe mgongoni, huyo ndiye mume wa Somo, akavuka mpaka kwa miguu. Nchi hiyo wakati ule ikiitwa Zaire. Watu asiowajua wakampa kibanda na kipande cha shamba. Alikaa miaka sita akiuza muhogo na mafuta ya mawese, na huko sokoni ndiko alikookota Kiswahili.

Shoga, nilikuwa nasikiliza huku moyo unanidunda. Unajua mjomba wangu alikuwa mwanajeshi wa JWTZ, na jeshi letu lilifika Arua vitani mwaka 1979, mwaka mmoja tu kabla ya mambo hayo. Niliona si haki kula chakula chake nikanyamaza. Nikamwambia. Akanitazama kitambo, kisha akauliza kama mama yangu yu hai. Nikasema yu hai. “Mupe salamu,” akasema, akaniongezea ugali.

Njiani tukirudi Somo akanieleza jambo ambalo hajawahi kutuandikia. Alipopelekwa huko kama bibi harusi, wazee wa ukoo walisita: mke wa mbali, hajui lugha, tena Mtanzania. Mama mkwe ndiye aliyesimama. Alisema kwamba yeye alipokelewa na watu asiowajua, na huyu naye atapokelewa nyumbani kwake. Mambo yakaisha. Tangu siku ile wawili hao wakawa wanaongea Kiswahili, mmoja cha Tanga, mwingine cha ukimbizini. Na wasichana wale wa Rhino Camp walipokuja kutafuta kazi, Somo anasema hakuwa na la kujiuliza.

Tulikuwa tukimhurumia, unakumbuka? Tukisema maskini Somo, ameolewa mbali hana mtu. Tulikosea. Ana mtu.

Kitenge chako, yadi sita, cha buluu na manjano, nimekiweka juu kabisa sandukuni. Mama mkwe amenipa chupa ya asali ya kijijini kwao, nusu ni yako. Njoo Ijumaa baada ya alasiri. Na uanze kuweka akiba ya nauli, kwa sababu nimeulizwa utakwenda lini, nami nimejibu Desemba.

Wako akupendaye,
Somo wa Tanga