Tumbo na Tafsida

Neno 'tumbo' limebeba mzigo mkubwa katika Kiswahili. Ni sehemu yote ya mwili iliyo baina ya kifua na kiuno. Ni mfuko unaopokea chakula. Tena ni mji wa mimba, ndipo watu wakaitwa ndugu wa tumbo moja. Kwa mshairi, upana huu ni utajiri. Mbele ya daktari, waama, ni hatari. Mgonjwa asemapo, "Tumbo linaniuma," amesema kweli, ila hajasema jambo.

Si kwamba lugha yenyewe ina uhaba wa msamiati. Kiungulia ni ule moto upandao kifuani baada ya mlo, asidi inapoupenya msuli uliolegea na kurudi kwenye umio. Humsumbua zaidi alalaye punde tu baada ya kushiba. Msokoto ni maumivu yanayokaza na kuachilia. Kufunga choo aghalabu hutokana na maji machache, vyakula vilivyokobolewa na mazoea ya kuizuia haja. Kuhara damu huashiria amiba au bakteria waliouvamia utumbo. Kuharisha maji meupe mfano wa maji ya mchele ni dalili ya kipindupindu, maradhi yawezayo kumwua mtu mzima kwa saa chache kwa kumkausha maji mwilini. Nayo maumivu ya kidole tumbo kilichovimba mara nyingi huanzia kitovuni, kisha yakahamia chini upande wa kulia. Hayo si ya kungojewa hadi kesho.

Hata hivyo, kuna majina yapotoshayo. Homa ya matumbo, kwa mfano, humfanya msikiaji atarajie kuhara, ilhali dalili yake kuu ni homa isiyokoma na maumivu ya kichwa. Watu wazima wengi hata hufunga choo. Vidonda vya tumbo navyo vimegeuka kapu la kila maumivu. Mwanachuo anayeshinda njaa akidurusu huambiwa ana vidonda, na lawama hutupiwa pilipili, njaa na mawazo. Mambo hayo huweza kuyachochea maumivu, lakini visababishi vikuu ni viwili: bakteria aitwaye Helicobacter pylori, na matumizi ya muda mrefu ya dawa za maumivu kama vile aspirini na ibuprofeni. Mnamo 1984 daktari wa Australia, Barry Marshall, alikunywa bakteria hao makusudi ili awasadikishe wenzake, akapata uvimbe wa tumbo. Mwaka wa 2005 yeye na Robin Warren walituzwa Tuzo ya Nobel ya Tiba. Kwa hivyo, kidonda kilichodhaniwa kuwa mwenzi wa maisha huweza kupona kwa dawa za kuua bakteria zikiandamana na za kupunguza asidi.

Lililo zito kuliko majina ni tafsida. Adabu ya Kiswahili humtaka msemaji 'aende haja' au 'ajisaidie'. Ni adabu njema mezani, lakini hufuatana na mgonjwa hadi mahali isipohitajika. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu na mjuzi wa methali, aliona damu chooni kwa zaidi ya mwaka mmoja. Kwa mkewe alisema tumbo linamsumbua. Kwa mwanawe alisema vivyo hivyo. Kwa muuza duka la dawa alitaja bawasiri kwa sauti ya chini, akapewa dawa ya kupaka. Aliyelifungua fumbo hilo ni mjukuu wake, mwanafunzi wa uuguzi, kwa kuwa baina ya babu na mjukuu utani huruhusu yale ambayo heshima huyazuia baina ya mzazi na mwana. "Babu," akamwuliza, "choo chako siku hizi kina rangi gani?" Mzee alicheka hadi akatokwa na machozi, kisha akaeleza yote: damu, choo kilichokuwa chembamba kuliko kawaida, na suruali zilizoanza kumpwaya. Uchunguzi ulionyesha saratani ya utumbo mpana. Alifanyiwa upasuaji, na angali hai. Lakini madaktari walimwambia wazi kuwa mwaka ule wa ukimya ulikuwa umempunguzia nafasi ya kupona.

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Ajabu ni kuwa mzee huyo aliifundisha methali hiyo kwa miaka mingi. Kuijua lugha si sawa na kuthubutu kuitumia.

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapopata kazi. Isimu-jamii humfundisha kwamba msamiati hufuata muktadha. Basi chumba cha daktari ni muktadha, na ndani yake neno lililo wazi ndilo lenye adabu. Damu kwenye choo, choo cheusi kama lami, chakula kinachokwama kooni, kukonda bila sababu, au mazoea ya choo yaliyobadilika kwa majuma kadhaa: hayo yatajwe kwa majina yake. Na watungao vijikaratasi vya afya wayaandike hivyo hivyo, ili mgonjwa asiye na mjukuu muuguzi apate pa kuanzia.