Kitanda cha Mgeni

Ukarimu hutaka vitu viwili: nia na nafasi. Nia hukaa moyoni, na moyo hauna kuta. Nafasi hukaa nyumbani, na nyumba ina kuta nne. Mtu wa mjini aghalabu ana nia kubwa katika nafasi ndogo. Kwa sababu hii kitanda cha mgeni ni jambo la kufikiriwa kabla ya kununuliwa.

Wazee walikuwa na njia zao. Katika nyumba za mawe za Lamu mgeni alitengewa chumba kiitwacho sabule, akalala kwa heshima pasipo kuwaingilia watu wa ndani. Asiyekuwa na sabule alikuwa na mkeka. Mkeka hutandikwa usiku, hukunjwa alfajiri, husimamishwa pembeni, na mchana nyumba haina habari kuwa ililaza mtu. Hata leo hakuna malazi yasiyokula nafasi kama mkeka. Ila yake ni moja: hauwahurumii wazee. Mwenye magoti mabovu huulalia kwa taabu, na kuinuka kwake huhitaji mkono wa mtu.

Chumba cha kupanga cha futi 10 kwa 10 kina futi 100 za mraba. Kitanda cha mwenyeji cha futi 5 kwa 6 huchukua 30. Kabati, meza na ndoo za maji huchukua sehemu zao. Kitanda cha pili cha futi 4 kwa 6 kingedai 24 nyingine, mwaka mzima, kwa ajili ya mgeni ambaye pengine atalala siku kumi. Hesabu ya namna hii ndiyo impelekayo mtu kutafuta kitanda cha kukunja.

Si watu wa pwani peke yao waliobanwa hivi. Mwaka 1885, katika Chicago, Sarah E. Goode, mwanamke mweusi mwenye duka la samani, alipata hataza ya kitanda kilichokunjwa kikawa meza ya kuandikia. Mwanzoni mwa karne ya 20 William L. Murphy wa San Francisco alitengeneza kitanda cha kuinuliwa na kusimamishwa wima ndani ya kabati. Kitanda cha kusimama ni kizuri, lakini hutaka ukuta imara wa kukishika: ukuta wa miti na udongo hauwezi, na mpangaji hana idhini ya kutoboa ukuta wa mtu.

Namna nyingine nazo zina sifa na ila. Kitanda cha turubai ni chepesi na hukaa nyuma ya mlango, lakini hulegea katikati, na mgongo huumia. Kitanda cha kuvutwa kutoka chini ya kitanda kingine huwafaa watoto. Mtu mzima hapendi kulala miguuni pa mwenyeji wake. Deka huwafaa vijana wawezao kupanda. Kochi la kulalia hupendeza sana, maana mchana huificha kazi yake ya usiku. Walakini hukaa sebuleni, na sebule ni ya watu wote.

Chukua mfano wa mama mzee atokaye shamba kuja mjini kutibiwa macho, akafikia kwa bintiye. Saa nne usiku wajukuu wangali mezani na vitabu, mkwe hajarudi, na mama ameketi wima juu ya kochi ambalo ndilo kitanda chake. Akiulizwa kama amechoka, husema hana usingizi. Mkwe akibisha hodi, yeye hujitanda kanga upya, maana ni aibu kumkuta amelala. Alfajiri huamka kabla ya wote akalikunja kochi, asije akawazuilia njia. Siku ya nne huuliza habari za basi, na dawa haijaisha. Nyumba hiyo haikumnyima chakula wala neno jema. Hakuna aliyemfukuza, ila kitanda kilimwambia kila usiku kwamba amekaa mahali pa watu.

Kosa la mnunuzi ni kukipima kitanda dukani, mchana, kikiwa kimekunjwa. Kitanda cha mgeni hupimwa usiku, kikiwa kimetandikwa, mlango umefungwa. Hapo huonekana kama kimo chake kinafika goti, mzee aketi na kuinuka mwenyewe. Kama pana mahali pa kutundika chandarua, kwani mbu hana heshima kwa mgeni. Kama njia ya kwendea msalani imebaki wazi. Na kama mgeni aweza kulala saa aitakayo bila ya kuwasubiri wengine.

Yamkini nyumba ndogo haina kitanda kitakachotimiza haya yote sebuleni. Basi watoto na wahamie kwenye kochi, bibi apewe chumba chao chenye mlango. Kochi lile lile lililomtesa mzee ni mchezo kwa wajukuu. Na kama chumba ni kimoja tu, kitanda kikubwa ni cha mgeni, na wenyeji ndio watakaokunjua turubai. Kwa hiyo anunuaye kitanda kisichokula nafasi na akijaribu kwa mgongo wake mwenyewe, kwani akija mgeni wa heshima, atakayekilalia ni yeye.