Bei ya Usiku Mmoja

Mama watoto aliponiomba tulale ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974, nilikataa. Nauli ya kutoka Kabwe ilitosha kuniumiza. Viboko tungewaona mchana, kisha tulale gesti kijijini Sitalike. Tuliwaona kweli, wamesongamana katika dimbwi la kiangazi, kimya kama mawe. Askari wa hifadhi akatueleza kuwa kiboko hutoka majini usiku kwenda kula majani. Kumbe tulikuwa tumetazama usingizi tu. Mwenzangu akacheka, akasema tutarudi. Hatukurudi, alitangulia mbele ya haki. Fedha niliyoibana sikumbuki ilinunua nini. Ndugu msomaji, kabla hujauliza bei ya chumba, tazama kwanza uko na nani.