Kimisagara: Mahali Ambapo L na R ni Ndugu

Msafiri ashukaye kutoka katikati ya jiji la Kigali kwenda kituo cha mabasi cha Nyabugogo huipita Kimisagara, kata yenye nyumba zilizosongamana chini ya Mlima Kigali, ambako kijito cha Mpazi huteremka. Nyabugogo hupokea mabasi ya nchi jirani, hivyo Kiswahili hakikosi kusikika. Mwezi Februari 2017 Bunge la Rwanda lilipitisha sheria ya kukifanya kuwa lugha rasmi.

Mgeni atokaye pwani huenda akashangaa kusikia “mahari” palipokusudiwa “mahali”, au “kura” badala ya “kula”. Asidhani kuwa msemaji hakusoma. Katika Kinyarwanda l na r hazitenganishi maana ya maneno. Kwa kawaida huandikwa r, ijapokuwa jina Kigali lenyewe limebaki na l yake. Sikio lililolelewa hivyo halikuzoezwa kuzitenga.

Wataalamu huiita l kitambaza: ncha ya ulimi hugusa ufizi, na hewa hupita pembeni. R ni kimadende, kwa kuwa ncha hiyo hupigapiga ufizi. Tofauti ni ndogo mno.

Ndugu msomaji, mwenye kucheka na afike Mbulu, Tanzania. Huko Wairaqw wana kitambaza ambacho hewa yake hukwaruza pembeni mwa ulimi pasipo mghuno. Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi, na Wasandawe wa Mkoa wa Dodoma, wana kidoko kifyatuliwacho ubavuni mwa ulimi, mfano wa mlio wa kumhimiza punda. Mtoto wa huko hukitamka katikati ya neno bila taabu. Mgeni, hata awe msomi, ulimi humkwama.

Jambo hili lawahusu sana walinzi wa usalama. Kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, chasimulia watu waliouawa kwenye vivuko vya Yordani kwa kushindwa kutamka neno “Shibolethi”. Matamshi hayathibitishi hatia wala uraia. Tena, herufi moja ikikosewa katika maelezo, huenda akaitwa mtu asiyehusika. Askari mwangalifu humwomba msemaji arudie, hunakili jina kama lilivyo katika kitambulisho, kisha humsomea yote aliyoyaandika kabla ya kumtaka atie sahihi.