Daktari, Si Ungesema Tu Hujui

Wasee, leo hakuna skiti. Leo ni stori ya tumbo langu, na ya watoto ambao bado sina.

Mnajua niliacha kampasi mwaka wa pili. Wengine husema ni karo. Ilikuwa choo. Kuhara damu mara kumi kwa siku na mtihani ni saa mbili asubuhi, utafanyaje? Nikirudi huku Roret natibiwa amiba, halafu taifodi, halafu amiba tena. Mpaka nikaingizwa kamera ya kolonoskopi ndio ikajulikana ni kolaitisi ya vidonda: kinga ya mwili inashambulia utumbo mpana. Ni ndugu ya ugonjwa wa Crohn, na zote mbili hupenda kuanza ukiwa kijana, miaka ile ile watu wanaanza kukuuliza utaolewa lini.

Basi nikauliza daktari wa kliniki moja: na hizi dawa, nitapata mtoto? Hata hakuinua kichwa. "Ukitaka mtoto, acha dawa kwanza."

Nikaacha. Wiki ya tano niko kwa dripu, Mama amekaa kando ya kitanda, na pesa ya bonasi ya majani chai imeisha yote. Na hata sikuwa na mimba! Nilikuwa najipanga tu.

Mtaalamu wa tumbo huko Nairobi ndiye alinieleza polepole. Ugonjwa ukitulia, uwezo wa kushika mimba ni karibu sawa na wa mwanamke mwingine. Hatari ni kushika mimba ukiwa umewaka: mimba inaweza kutoka, ama mtoto azaliwe kabla ya wakati. Kwa hivyo dawa nyingi huendelea. Sulfasalazini yangu inaendelea, ila na foliki asidi, kwa sababu inazuia mwili kupata foliki ya kutosha. Ya kuogopa ni methotrekseti. Hiyo huharibu mtoto tumboni, na huachwa miezi kadhaa mapema. Na nyinyi vijana msicheke: sulfasalazini hupunguza mbegu za mwanaume, na hurudi akibadilishiwa dawa. Nani aliwahi kukuambia? (Mimi si daktari, usiguse dawa zako kwa sababu yangu.)

Na sio huku tu. Kuna mtihani wa maswali 17 kuhusu mimba na magonjwa haya, unaitwa CCPKnow. Madaktari wa Australia walipoufanya, wale wa tumbo waliwashinda wa kawaida na hata wa uzazi. Yaani yule unayemwendea kwanza siye anayejua zaidi. Sasa fikiria sisi, ambao wa tumbo tunamfikia kwa nauli ya Nairobi.

Simchukii yule daktari. Foleni yake siku hiyo ilifika geti. Lakini angesema "sijui, ngoja niulize," singelala kwa dripu.

Mwezi jana nilirudi kwake, nikamwambia yote. Akanyamaza kidogo. Halafu akachukua kalamu, akaniuliza hiyo foliki asidi nameza miligramu ngapi.