Hodi Tuliyopiga Usiku

Ndugu msomaji, kosa nitakalokusimulia ni langu mwenyewe, wala simsingizii mtu. Nakaa Makanyagio, mjini Mpanda, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiongoza sala za jumuiya ndogo ndogo mtaani petu. Tunakutana nyumba hadi nyumba, tunasoma Maandiko, tunachanga fedha za sukari ya mgonjwa, tunatawanyika. Katika kazi hiyo nilijiona hodari.

Miongoni mwetu yumo mama mmoja aliyenizidi umri, nami humwita dada. Alizaliwa Burundi. Mwaka 1972, akiwa mtoto, alivuka mpaka pamoja na mama yake, na hatimaye wakapewa shamba Katumba. Nani hapa kwetu asiyewajua watu wa Katumba na Mishamo? Walifyeka pori, wakalima mahindi, maharage na tumbaku, na mwaka 2014 wakimbizi hao wa 1972, zaidi ya 162,000, walipewa uraia wa Tanzania. Basi wengi wetu tulidhani ile karatasi ya uraia imekwisha kuyafunga yote.

Asubuhi moja somo lilihusu kusamehe saba mara sabini. Nikamgeukia mbele ya watu nikasema, "Dada, wewe uliyeona makubwa, hebu tushuhudie jinsi ulivyowasamehe waliowaua watu wako." Nia yangu ilikuwa njema, au ndivyo nilivyojidanganya, kwa hakika nilitaka ushuhuda wa kunogesha sala yangu. Mikono ikaanza kumtetemeka, jasho likamtoka, na asubuhi ilikuwa ya baridi. Akainuka, akatoka bila kuaga.

Tukabaki tukinong'onezana. Mmoja akasema ana kinyongo, mwingine akasema ni pepo. Nami, kiongozi wao, nikakubali kwamba twende tukamwombee usiku ule ule. Tulikwenda watu saba, tukagonga mlango kwa nguvu huku tukiimba. Hakufungua. Taa ilizimwa, na ndani hatukusikia hata kikohozi.

Wiki mbili baadaye nilimwendea peke yangu, mchana. Nilimkuta akichambua maharage. Nikaketi, nikachambua naye. Sikuuliza neno. Ungo ulipokaribia kwisha, akasema mwenyewe:

"Mdogo wangu, mimi Mungu sijamkataa. Lakini siku ile mlinirudisha kule nilikotoka, wala hamkuniuliza kama nataka kwenda. Halafu mkaja na hodi ya usiku. Baba yangu alichukuliwa kwa hodi ya usiku."

Huenda unajua, msomaji, kwamba mwaka ule askari wa serikali ya Burundi waliwachukua Wahutu wengi, hasa wanaume waliosoma, na waliochukuliwa hawakurudi. Mimi nilikuwa nalijua hilo. Lakini sikufikiri kwamba linaweza kuwa bado limesimama nyuma ya mlango wa jirani yangu, hapa Makanyagio, baada ya miaka yote hiyo.

Baadaye muuguzi mmoja alinieleza kuwa kitisho kikubwa hukaa mwilini. Sauti, harufu au swali tu huweza kukiamsha, na moyo ukaenda mbio kana kwamba jambo linatendeka sasa. Si upungufu wa imani, wala si pepo. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilishiriki kutoa mwongozo wa kuwasaidia watu waliopatwa na maafa, na mambo yake makuu ni matatu: kutazama, kusikiliza, kisha kumuunganisha mtu na msaada anaouhitaji. Mwongozo huo unakataza kumshurutisha mtu kusimulia yaliyompata. Mimi nilishurutisha, tena kwa Maandiko mkononi.

Wala vitabu vyetu vitakatifu havikunituma. Rafiki zake Ayubu waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Walianza kumkosea walipofumbua vinywa kumweleza sababu za msiba wake. Ndugu zetu Waislamu nao husoma jinsi Nabii Yakubu alivyomlilia Yusufu mpaka macho yake yakawa meupe, naye hakuacha kuwa nabii.

Mwenye jeraha hushika upesi mkono wowote unaonyoshwa, na hapo ndipo mwalimu wa dini hana budi kujichunga. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa katika msongamano wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Mwaka 2023 huko Shakahola, Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge hadi kufa ili wamwone Yesu. Hodi yetu haikuua mtu. Lakini sisi nasi tulijipa ruhusa ya kuingia bila kukaribishwa.

Nilimwomba radhi mbele ya wale saba, kwa kuwa nilimkosea mbele ya watu. Siku hizi, kabla ya sala, nawaambia wanajumuiya mapema somo linahusu nini, na anayetaka kunyamaza hunyamaza. Wapo wanaonung'unika kuwa nimelegeza mambo. Na wanung'unike.

Dada alirudi baada ya miezi minne. Alikuja na kigoda chake, akakiweka karibu na mlango, nasi tukauacha mlango wazi.